Sauti Niliyomwazima Jabali

11 Januari

Dada yangu,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye bado yuko hai, anakula, na nguo zake anazifua mwenyewe, ingawa najua hilo la mwisho hutaliamini. Natumaini wewe ni mzima, na Mama hajambo kwa kadiri anavyokumbuka kwamba hajambo. Mwambie binamu yetu nimepata picha ya mtoto wake. Mtoto ni mzuri. Kichwa ni cha ukoo wetu, hapo nampa pole.

Utashangaa kupata barua. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji na fundi ameiangalia kwa macho yale ya daktari anayetafuta maneno. Basi nimeona nirudi kwenye kalamu kama watu wa heshima. Nawe nijibu hivyohivyo. Usipige simu ya studio, pale hawapendi.

Kazi inakwenda. Wamenunua filamu ya tatu ya yule shujaa wa kigeni, Jabali, na kama zile mbili za kwanza, mimi ndiye nitakayemwingizia sauti ya Kiswahili. Yule mwigizaji wa kwao anatoa misuli, mimi natoa koo. Yeye anajulikana dunia nzima. Mimi ananijua muuza magazeti wa hapa chini, tena kwa sababu siku moja nilimwamkia kwa sauti ya Jabali akaangusha chenji.

Safari hii Jabali amebeba daraja begani, watu wanavuka, na ng'ambo ya mto kaka yake amenaswa chini ya gari. Akiliachia daraja, abiria wanazama. Akilishikilia, kaka anakufa. Basi anasimama palepale na kuhutubia kuhusu wajibu, daraja likiwa begani na nywele zikiwa zimechanwa. Mtayarishaji ameniambia, "Nataka watu watoke ukumbini macho yamevimba." Nikamwambia nina mafua kidogo. Akasema mafua ni mazuri, yanaongeza huzuni.

Mimi nilitaka kukuuliza jambo moja. Ile nafasi ya kuendesha malori ya masafa marefu iliishia wapi? Mara ya mwisho ulisema wamekuita yadi.

Mdogo wako,
Chiriku


2 Februari

Chiriku,

Salamu zako zimefika, zimelowa kidogo. Nadhani nazo zilitumbukia kwenye ile ndoo.

Sisi tupo. Mama ni mzima wa mwili, anatembea, anaimba, anakula akipenda. Akili ndiyo inazidi kutuaga, tena kwa adabu, kama mgeni anayesimama mlangoni anasema haya mimi nakwenda, na haendi. Leo asubuhi amenifukuza kazi. Anadhani mimi ni msichana wa kusaidia nyumbani, na kwamba ni mvivu. Nikamwambia sawa, bibi, naomba tu nimalizie kutandika kitanda. Akaniruhusu, maana ana moyo wa huruma. Mchana alinikuta bado nipo, akanipongeza kwa kuajiriwa. Nikiwa kazini anakaa naye jirani yetu fundi cherehani, ambaye yeye anaheshimiwa. Anadhaniwa kuwa mkwe wa mtu mkubwa.

Kazi yangu ni ileile. Nakaa kiti cha abiria, breki ya akiba chini ya mguu, namfundisha udereva mtu mzima mwenye ndevu ambaye akiona kuku anafumba macho. Mshahara wangu mimi ni kukanyaga breki za watu wengine.

Sasa huyo Jabali wako. Nimejaribu kumwonea huruma, imeshindikana. Hawa mashujaa wenu wanajitoa mhanga mara moja tu, tena wakiwa wamevaa vizuri, muziki unapigwa, upepo unawapepea kutoka upande unaopendeza. Kufa kwa ajili ya mtu ni jambo la kupita. Jaribu kumkata kucha mtu anayedhani unamwibia vidole. Jaribu kesho yake tena. Sijaona filamu hata moja ambamo shujaa anajitoa mhanga halafu anabaki kufua mashuka. Wakimpata huyo, niite, nitalipa kiingilio cha mstari wa mbele.

Na huyo kaka aliyenaswa, kwa nini haulizwi? Dunia nzima inamtazama aliyebeba daraja. Aliye chini ya gari anatakiwa atabasamu na kusema "nenda, waokoe." Mimi ningesema mengine, na yasingeweza kuonyeshwa mbele ya watoto.

Mama, lakini, anakuunga mkono. Anaangalia zile diski ulizotuletea mpaka zimeanza kukwama. Sijui anapenda nini humo ndani.

Umeuliza malori. Malori yapo. Barabara nazo zipo. Nimejibu.

Nami nina swali. Mtu aliyezaliwa akiongea, tukampa jina la ndege kwa ajili ya kelele zake, tangu lini amekuwa mtu wa kalamu? Maduka ya simu huko yamefungwa?

Dada yako,
msichana wa kazi aliyefukuzwa


20 Machi

Dada,

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena, nikacheka peke yangu hadi mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Afya ni ya kuombea dua, ila tunakwenda. Mshukuru sana fundi cherehani kwa kukaa na Mama. Shati alilonishonea bado linanibana kwapani, mshukuru kwa hilo pia.

Wiki iliyopita tumerekodi hotuba ya daraja. Chumba chetu ni kidogo, kuta zimebandikwa sponji, kuna kiti, maikrofoni na kioo. Nyuma ya kioo anakaa fundi wa sauti tunayemwita Masikio. Mbele yangu kuna skrini, Jabali anafungua mdomo, nami natakiwa niyatie maneno yangu ndani ya midomo yake, yaanze anapoanza na yaishe anapofunga. Maneno ya kwao ni mafupi, yetu ni marefu, kwa hiyo Jabali wa Kiswahili huongea kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

Nilipofika pale anaposema, "Kaka, nisamehe, mikono yangu ni miwili na wao ni wengi," sauti ilikatika. Haikutetemeka, Dada. Ilikatika kama uzi, ikatoka hewa tupu. Nikainua mkono kuomba turudie. Nikatazama kioo, nikamwona mtayarishaji anafuta machozi kwa tai yake. Akaja mbio akanikumbatia.

"Hapo," alisema, "hujawahi kuigiza hivyo maisha yako yote."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuigiza, lakini sikuwa na cha kumwambia nacho.

Alipotoka, Masikio akavua visikizio vyake akaja kukaa karibu yangu. "Kaka," alisema, "hiyo siyo huzuni. Hilo ni koo. Nakusikia tangu mwaka jana." Nikamwonyesha kwa mkono ashughulike na nyaya zake.

Tuyaache hayo. Nina swali la kisinema, maana wewe unajifanya hakimu wa mashujaa. Tuseme Jabali anaambiwa: tunaweza kukuponya ugonjwa wako, lakini nguvu zako zitakwenda na ugonjwa. Utaishi kama mtu wa kawaida, utapanga foleni kama wengine, hakuna atakayekujua. Au ubaki nazo, uzitumie mpaka zikuishie. Angechagua nini?

Na jambo jingine dogo. Mama akiangalia zile diski, anajua ni mimi?

Chiriku


29 Machi

Chiriku,

Hatujambo. Mama hajambo. Binamu hajambo, mtoto wake hajambo, kichwa chake nacho kinaendelea kukua. Salamu zimekwisha.

Nimepiga simu studio. Ulinikataza, ndiyo maana nikapiga. Alipokea huyo Masikio. Nikamwambia mimi ni dada mtu, nataka kujua koo la mdogo wangu lina nini. Akasema, "Hana kitu, ni mafua." Nikamwambia, "Rudia." Akanieleza yote. Ni mtu mzuri. Usimpe kamwe kazi ya kutunza siri.

Kwa hiyo una uvimbe kwenye kikoromeo. Daktari ameshaupima na kuupa jina, lile jina ambalo watu hulitaja kwa kushusha sauti. Amesema wakikata sasa utapona, ila sauti itaondoka pamoja nao. Ameyasema hayo tangu Desemba. Na wewe umekaa na siri yako ndani ya ndoo ya maji, unaniandikia kuhusu nywele za Jabali.

Ninao wanafunzi wa namna yako. Wanakazia macho kioo cha nyuma ili wasilione lori linalokuja mbele. Huwa sibishani nao. Nakanyaga breki.

Unauliza Jabali angechagua nini. Jabali angehutubia, ndiyo kazi yake. Angechagua kubaki na nguvu, angekufa vizuri, watu wangelia, kisha angefufuka kwenye filamu ya nne kwa sababu wenye filamu bado wanamhitaji. Wewe filamu ya nne huna. Wewe una dada mmoja, mama nusu, na shati linalobana.

Kata.

Na kama unatafuta kisingizio cha kulibakiza hilo koo kwa ajili ya Mama, kitafute kwingine. Umeuliza kama anajua ni wewe. Hajui. Anazitazama hizo filamu kama anavyotazama mvua dirishani. Sauti yako kwake ni kelele tu kama kelele nyingine. Sikuandikii haya nikuumize. Umeuliza, nami nimejibu.

Dada


14 Aprili

Dada,

Salamu leo ni chache. Nitakutumia nyingine zikipatikana.

Nilikwenda kumwambia mtayarishaji. Alinikalisha, akaniagizia chai, akashika kichwa. "Ndugu yangu, afya kwanza," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini zimebaki sehemu chache tu. Daktari anaweza kusubiri kidogo. Filamu ina tarehe yake." Akanieleza jinsi watu wanavyoningoja. Akasema watu wangesimulia miaka yote kwamba filamu ya Jabali ilimaliziwa kwa sauti iliyokuwa inakufa. Alisema hayo kama mtu anayenipa zawadi.

Nitakwambia ukweli, na ukicheka cheka taratibu. Nilishawishika. Njiani nilijiona kwenye bango, picha yangu pembeni, mshumaa chini yake, maneno ya dhahabu: Alitoa Pumzi Yake. Nilikuwa nimependeza sana.

Nikaupeleka upuuzi huo kwa daktari. Ni mama mmoja mfupi, miwani yake ameifunga kwa uzi, hacheki ovyo.

"Nikisubiri mpaka filamu iishe, itakuwaje?" nilimwuliza.

"Utapata mazishi mazuri," alisema. "Watu wa sinema wanajua kupanga mazishi."

"Na nikikubali sasa, hakuna namna ya kubakiza sauti? Hata kidogo?"

Akavua miwani. "Baba, ningekuwa na namna ningekwishakwambia. Nachukua sauti nakuachia uhai. Ukichelewa, nitachukua sauti na bado sitakuachia uhai."

Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Karibu yangu alikaa mzee mmoja akaniuliza saa, nikamjibu kwa sauti ya Jabali bila kukusudia. Akanitazama kwa mshangao, kisha akaomba radhi kwa kunisumbua. Huyo ndiye mtazamaji wangu wa mwisho, nadhani.

Yale uliyoandika kuhusu Mama niliyasoma nimesimama, halafu nikayasoma nimekaa. Miaka yote nikipayuka kwenye kile chumba cha sponji, nilikuwa najiambia kuna mtu mmoja nyumbani anayenisikia. Kama ni mvua, basi ni mvua. Umenirahisishia. Nimetia saini. Wanakata tarehe ishirini na sita.

Chiriku, kwa siku chache zilizobaki


22 Aprili

Chiriku,

Mama hajambo, nami hivyohivyo.

Siwezi kuja. Fundi cherehani anaweza kukaa na Mama mchana, hawezi kukaa naye siku nyingi mfululizo, na Mama akilala kitanda kigeni hasinzii. Unayajua haya, nayaandika ili nami niyaone yameandikwa. Masikio atakuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nimempa maagizo kwa simu. Alikubali yote kabla sijamaliza kuyataja.

Kwenye filamu, mtu akienda mahali pagumu huaga kwa hotuba. Wewe usiage. Umeshaongea vya kutosha kwa watu watatu tangu ulipokuwa unatambaa. Nenda ulale, wakuamshe, uniandikie kulalamika kuhusu chakula.

Mama anakusalimu. Au anamsalimu mtu mwingine, sina hakika, lakini salamu nimekupa wewe.

Dada


3 Julai

Dada yangu,

Pokea salamu za mtu mwenye tundu shingoni. Napumulia hapo sasa. Nikipiga chafya, adabu zote za kuziba mdomo nilizofundishwa hazina kazi tena. Chakula cha hospitali kilikuwa kibaya sana. Nimelalamika kama ulivyoagiza.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu kwa muda mrefu sikuwa na la kusema, na sasa usiniambie hicho ni kichekesho. Niliamka nikafungua mdomo nimwite muuguzi. Hakuna kitu kilichotoka. Nilijua, waliniambia, nilitia saini. Bado nikafungua mdomo mara nyingine. Wiki zile nilikuwa nageukia ukuta wageni wakija. Masikio alikuja kila siku akaketi kimya, kwa heshima, mpaka nikachoka nikamwandikia kwenye ubao: bubu ni mimi, wewe ongea. Tangu siku hiyo hajanyamaza. Nimejifunza mengi kuhusu nyaya.

Jabali amepewa sauti mpya, ya yule jamaa wa matangazo ya sabuni. Nimemsikia. Anaokoa dunia kama anayeondoa madoa kwenye kola. Ila hotuba ya daraja wameiacha ya kwangu, na mkatiko wake. Mtayarishaji anawaambia waandishi wa habari kwamba niliupanga ule mkatiko kwa wiki nzima. Nilialikwa siku ya kwanza ya kuonyeshwa. Ukumbi mzima ulilia pale. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu aliniambia, "Kaka, wewe huna moyo? Mbona hulii?" Nikaonyesha shingo. Akadhani nimekabwa na chakula akanipiga mgongoni.

Sasa la maana. Nilimwandikia binamu, yule anayefunga maturubai kwenye yadi ya malori, nikamwuliza nafasi yako iliishia wapi. Binamu hana ujanja wako wa kujibu. Amesema walikuita mwezi wa kwanza, lori tayari, jina lako limekwishaandikwa mlangoni. Ukawaambia wampe mwingine, kwamba wewe una abiria nyumbani. Nami nikaambiwa malori yapo na barabara zipo.

Tangu tukiwa wadogo, ulikuwa unalala na usukani wa mfuniko wa sufuria kifuani. Nakumbuka kwa sababu sufuria ilikuwa haifunikiki.

Binamu anasema dereva aliyechukua lori lako amelilaza mtaroni, mwenyewe yuko salama, lori limetengenezwa, kiti kiko wazi. Nimekwisha kumwandikia msimamizi wa yadi. Kabla hujakasirika, jua kwamba barua imekwenda.

Nakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nitakaa na Mama. Sina kazi inayonisubiri, na mtu asiyeweza kujibu ndiye anayefaa kufukuzwa kila asubuhi. Usinipinge. Kwa sauti ungenishinda. Kwa maandishi nina wino mwingi.

Ndugu yako,
Chiriku (jina libaki, nimelizoea)


27 Agosti

Chiriku,

Nakuandikia nikiwa kituo cha kupumzikia malori, kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na tofali. Mimi ni mzima. Mgongo si wangu tena, ni wa kampuni. Natumaini umeshajua mahali tunapoweka chumvi, maana ulifika jioni na mimi nikaondoka asubuhi yake, na kwenye kukukabidhi nyumba nilisema mengi kuhusu dawa na mashuka nikasahau jikoni.

Nimebeba mabomba ya maji. Mazito, marefu, hayana shukrani. Nilipofika kupakua, mzee wa ghala alizunguka lori zima, akachungulia hadi chini ya tela. Nikamwuliza anatafuta nini. "Dereva," alisema. Nikamwambia ameshampita mara mbili.

Kuna mahali barabara inanyooka hadi inakosa adabu, hakuna kona, hakuna kijiji, ni wewe na injini. Hakuna mwanafunzi pembeni. Hakuna breki ya akiba. Hapo macho yalinitoka machozi kwa mwendo mrefu kidogo. Vumbi.

Mama anakula? Siku akikataa kabisa, akigeuza uso ukutani, washa televisheni. Diski imo ndani tayari. Hilo nalo nilisahau kukwambia. Usimlazimishe kwa kijiko, atakuuma.

Na ikiwa utagundua jambo lolote hapo nyumbani, usiniandikie hotuba. Naendesha gari kubwa, sitaki vumbi zaidi.

Dada


19 Septemba

Dada,

Barua hii itakungoja yadi, kwa binamu. Pokea salamu, na pole ya mgongo wa kampuni. Huku tuko salama. Chumvi nimeipata, ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, na majani ya chai bado nayatafuta.

Mama anadhani mimi ni mtu wa kusoma mita ya umeme. Kila asubuhi ananipeleka ukutani, ananionyesha ile mita, anasubiri. Naisoma, naandika ubaoni, anaridhika. Ananisifu kwamba ni mtumishi mwenye adabu, siyo kama wale waongeaji. Hata leo nimeisoma kabla ya kukaa kukuandikia.

Wiki iliyopita alikataa chakula. Asubuhi alikataa, mchana alikataa, jioni akageukia ukuta. Nilibembeleza kwa mikono, nikaandika ubaoni, nikacheza kama kikaragosi. Hakunitazama. Nikakumbuka barua yako nikawasha televisheni. Nilidhani ni milipuko inayomchangamsha.

Ilikuwa filamu ya kwanza. Jabali akafungua mdomo, na sauti yangu ikaingia sebuleni. Sikuwa nimeisikia tangu siku ile ya ukumbini. Nilipumua kwa nguvu, lile tundu langu likapiga mluzi. Mama akageuka, akaninyooshea kidole.

"Nyamaza," alisema. "Mwanangu anaongea."

Akafungua mdomo nikamlisha. Jabali akiongea, anameza. Adui akiingia, anafunga mdomo, na mimi nangoja na kijiko hewani mpaka Jabali arudi. Alimaliza sahani. Kisha nikatoka nje nikasimama.

Uliniandikia kwamba ni mvua tu. Kelele kama kelele nyingine. Wakati unaandika hivyo, ulikuwa umeshika kijiko hikihiki. Ulijua ungeniambia ukweli ningebaki na koo langu mpaka linizike, na ningejiona mwana mwema. Umesema hutaki hotuba, na mimi sina chombo cha kuhutubia. Nataka tu ujue kwamba nimeona. Nilikukasirikia siku moja nzima, nikaosha vyombo kwa hasira, nikavunja kile kikombe cha buluu. Siku ya pili hasira ilinishinda kuibeba.

Jana ndipo nilipojaribu jambo. Filamu ile naijua pumzi kwa pumzi, kila mahali pa kumeza mate. Nikavuta kiti, nikakaa kando ya televisheni, nikimwelekea Mama. Jabali alipofungua mdomo, nami nikafungua wangu. Ni kazi yangu ya siku zote, Dada, ila kinyume: zamani niliitia sauti yangu kwenye midomo ya mtu, sasa nilikuwa naitia midomo yangu kwenye sauti. Nikafunga aliponyamaza. Nikafungua alipoanza.

Mama akatazama televisheni. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye televisheni, akarudi kwangu, na safari hii hakuondoka.

"Umekuja lini?" aliniuliza.

Nikafungua mdomo nimjibu, mjinga mimi, nimesahau kabisa. Na sauti yangu ikajibu kweli, kutoka kwenye televisheni, kwa nguvu zake zote: "Kimbieni wote, jengo linaanguka."

Mama akaangalia dari. Akaangalia kuta, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Jengo lipi?" alisema. "Nyumba hii aliijenga baba yako. Kaa ule, umekonda."

Akanisukumia sahani yake ya supu. Nikakaa. Haikuwa na chumvi, nilikuwa nimeipika kabla sijafungua lile kopo. Niliimaliza yote, naye ananitazama.

Chiriku